Nia, Njia, na Mashine Iandikayo Usemi

Msomaji, iko methali uijuayo tangu utoto: penye nia pana njia. Mara nyingi husemwa ili kumtia moyo mtu aliyekata tamaa. Leo nakuomba uitazame kwa upande mwingine. Yatenge maneno yake mawili, nia mbali na njia mbali, kisha ujiulize: mtu aweza kumiliki lipi kati ya hayo? Aliyetamani kwanza kuvuka mto, ana haki ya kuwazuia wengine wasivuke? Au haki yake ni juu ya daraja alilojenga kwa mikono yake, na kila mtu mwingine ana ruhusa ya kuchonga mtumbwi?

Swali hili laonekana jepesi, walakini mahakimu wamelijadili kwa muda wa zaidi ya miaka 170, na mjadala haujakwisha. Nitakusimulia habari zake kwa kufuata kazi moja tu, nayo ni kazi ya kuifanya mashine isikie usemi wa binadamu na kuuandika. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karani. Mkubwa alisema, karani akaandika. Leo simu iliyo mfukoni yaweza kufanya vivyo hivyo. Kati ya karani na simu kuna historia ndefu ya wavumbuzi, na sambamba nayo kuna historia ya sheria. Hii ya pili husimuliwa mara chache, nayo ndiyo nitakayo uisikie.

Yafaa kwanza tujue hataza ni nini. Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kuwazuia watu wengine wasitengeneze, wasitumie, wala wasiuze uvumbuzi wake pasipo ruhusa yake, kwa muda uliowekwa. Katika nchi nyingi siku hizi muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi. Haki hiyo haitolewi bure. Mvumbuzi hupaswa kueleza waziwazi jinsi uvumbuzi wake ufanyavyo kazi, ili muda ukiisha kila mtu aweze kuutumia. Kwa hiyo hataza ni mapatano: yeye hutoa siri yake, na umma humwachia avune peke yake kwa misimu michache. Ndani ya kila hataza kuna sentensi ziitwazo madai. Shamba hupimwa kwa mawe ya mpaka. Hataza hupimwa kwa madai yake. Ugomvi utakaousikia humu wote ni ugomvi wa mpaka.

Miongoni mwa watu wa mwanzo waliotafuta hataza ili usemi ujiandike wenyewe alikuwa Mfaransa, jina lake Édouard-Léon Scott de Martinville, mtu wa kazi ya uchapaji wa vitabu mjini Paris. Katika mwaka 1857 alipewa hataza ya chombo alichokiita fonautografu. Aliliiga sikio. Alitengeneza pembe pana ya kupokea sauti. Mwishoni mwa pembe akawamba ngozi nyembamba. Juu ya ngozi akabandika unywele mgumu. Na mbele ya unywele akapitisha karatasi iliyopakwa masizi. Mtu aliposema, ngozi ilitetemeka, na unywele ukachora mawimbi katika masizi. Scott alitumaini ya kuwa siku moja watu wangeyasoma mawimbi yale kama wasomavyo herufi, na kazi ya karani ingefanywa na sauti yenyewe.

Tumaini hilo halikutimia. Mawimbi yalikuwa ya kweli, lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma. Ilipofika mwaka 2008, watafiti wa Marekani waliyapitisha mawimbi aliyoyachora mwaka 1860 katika kompyuta, na wimbo wa Kifaransa ukasikika tena. Angalia basi: Scott alikuwa na nia ile ile waliyo nayo watengenezaji wa leo, miaka mingi kabla yao. Kilichompungukia ni njia. Lau sheria ingalitoa milki kwa aliyetamani kwanza, yeye angalikuwa bwana wa jambo asilojua kulitenda.

Wakati huo mahakama moja ilikuwa imekwisha kulijibu swali letu, ijapokuwa kwa habari ya chombo kingine. Samuel Morse wa Marekani alikuwa mchoraji wa picha za watu kabla ya kugeukia telegrafu, yaani simu ya maandishi ipitayo katika waya. Alipata hataza mwaka 1840, na tarehe 24 Mei 1844 akapeleka ujumbe wake mashuhuri kutoka Washington hadi Baltimore. Hataza yake ilipoandikwa upya mwaka 1848, ilikuwa na madai manane. Saba ya kwanza yalihusu vyombo na namna alivyovitumia. La nane lilikuwa jambo jingine kabisa. Humo Morse alisema ya kuwa hajifungi kwa vyombo alivyovieleza. Alidai kuwa ni mali yake kila matumizi ya nguvu ya umeme na sumaku, kwa namna yoyote itakayobuniwa, katika kuandika alama au herufi mahali palipo mbali.

Henry O'Reilly, mjenzi wa nyaya za telegrafu, alishindana naye, na kesi ikafika katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Hukumu ilitolewa mwaka 1854. Jaji Mkuu Roger Taney na wenzake walio wengi walimpa Morse haki yake katika vyombo vyake, hata O'Reilly akaonekana kuwa ameivunja hataza. Dai la nane walilikataa. Walisema ya kuwa huenda akatokea mtu baadaye akagundua namna nyingine ya kuandika kwa umeme kutoka mbali, rahisi kuliko ya Morse na isiyoharibika upesi, naye asitumie hata sehemu moja ya kazi ya Morse. Dai la nane likikubaliwa, mtu huyo atafungiwa mlango, na umma hautafaidi uvumbuzi wake mpaka Morse apende. Isitoshe, Morse alikuwa akidai kitu asichokieleza, kwa kuwa hakukijua. Alieleza njia moja, akadai njia zote.

Ikiwa hukumu hii yaonekana kuwa jambo la mbali, lifikirie jambo lililo karibu nasi. Kiswahili kiliandikwa pwani kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla ya herufi za Kirumi kuenea katika shule na vitabu. Nia ilikuwa moja: usemi wa Mswahili uonekane katika karatasi. Njia zikawa mbili. Mwandishi wa njia ya kwanza hakupata kumwambia wa pili, "Kuandika Kiswahili ni mali yangu, tupa kalamu yako." Kama ingalikuwa hivyo, kitabu ulicho nacho mkononi kingalihitaji ruhusa ya warithi wake.

Sasa tumtazame Alexander Graham Bell. Baba yake alikuwa amebuni alama za kuandika sauti yoyote itokayo katika kinywa cha mtu, akazitangaza mwaka 1867, na mwana alizitumia katika kuwafundisha viziwi. Mwaka 1874 alitengeneza chombo kilicho ndugu ya kile cha Scott, lakini mahali pa ngozi alitia sikio la maiti ya mtu. Aliona ya kuwa utando mwembamba wa sikio waweza kutikisa mifupa yake, akajiuliza kama utando mkubwa zaidi hauwezi kutikisa chuma. Fikira hiyo ilimsaidia kuifikia simu. Tarehe 7 Machi 1876 alipewa hataza, na dai lake la tano lilihusu kupeleka sauti kwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa umbo lile lile la mawimbi ya sauti hewani.

Wapinzani wake walisema, "Huyu ni Morse wa pili. Amedai usemi wote upitao katika umeme." Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mwaka 1888, nayo haikukubaliana nao. Iliona ya kuwa Bell hakudai umeme, wala hakudai nia ya kusema na mtu aliye mbali. Alidai namna maalumu ya kuubadili mkondo ili ufuate umbo la sauti, na namna hiyo aliieleza. Akitokea mtu mwenye namna nyingine ya kupeleka usemi kwa umeme, hilo litakuwa shauri lake mbali. Basi Morse alishindwa katika dai lile moja, na Bell akashinda, kwa kanuni ile ile.

Sitakuficha ya kuwa ushindi wa Bell ulikuwa na uchungu kwa wengine. Hapakuwa na mtu aliyejua namna nyingine iliyofaa, hata mwenye njia akawa kama mwenye nia. Hataza zake mbili kubwa zilipokwisha, katika miaka ya 1893 na 1894, kampuni mpya nyingi sana za simu ziliinuka Marekani, hata katika miji midogo ambayo haikuwa na simu. Hapo twajifunza ya kuwa muda wa hataza una maana sawa na mpaka wake. Daraja hata liwe moja tu, ni lazima ifike siku litakapokuwa la wote.

Baada ya simu kuufikisha usemi mbali, watu walirudi katika nia ya Scott: usemi uandikwe. Mwaka 1952 wataalamu wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell walionyesha mtambo ulioweza kutambua namba moja moja, tangu sifuri hadi tisa, ukiwa umezoezwa sauti ya msemaji. Mwaka 1962, katika maonyesho ya Seattle, kampuni ya IBM ilionyesha mashine iliyotambua maneno 16. Baadaye kompyuta zilipata nguvu, na kazi ikawa ya namna nyingine. Leo kipaza sauti hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Umeme hupimwa mara maelfu kwa sekunde moja. Vipimo huwa namba. Namba hupangwa ili kuonyesha ni sauti gani nene na gani nyembamba kwa kila chembe ya wakati. Kisha mashine, kwa kulinganisha na mifano mingi iliyofunzwa, hukisia ni silabi gani na neno gani lililosemwa. Ni Scott yule yule na mawimbi yake, ila sasa amepatikana wa kuyasoma.

Hapo sheria ilikutana na fumbo jipya. Kazi ya Morse ilishikika: waya, sumaku, kalamu. Kazi hii mpya, ukiipasua, ndani yake huoni ila hesabu. Na hesabu ni ya nani? Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya watu wawili wa maabara ile ile ya Bell, waliobuni namna ya kugeuza namba kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa kompyuta. Mahakama iliikumbuka hukumu ya Morse, ikakataa. Kumpa mtu hataza ya namna ile kungekuwa sawa na kumpa hesabu yenyewe, na hesabu ni chombo cha kila mwenye akili. Lakini mwaka 1981 mahakama hiyo hiyo ilikubali kazi ya wavumbuzi waliotumia kanuni ya hesabu, kwa msaada wa kompyuta, kujua ni wakati gani wa kufungua kalibu ili mpira uliomo uive barabara. Hesabu peke yake ilikataliwa; hesabu iliyotiwa kazini mpaka ikatoa mpira mzuri ilipokewa.

Mwaka 2014 mlango ulibanwa tena. Katika kesi ya kampuni iitwayo Alice, mahakama ilisema ya kuwa kuchukua wazo la zamani na kuagiza litendwe na kompyuta hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Wazo likiwa tupu, kompyuta ya kawaida haliwezi kulivika nguo. Tangu hapo kila aliyeomba hataza ya mashine iandikayo usemi aliweza kuulizwa swali gumu: "Karani husikia, huelewa, huandika. Wewe umezidisha nini, ila kumweka mtumishi wa chuma mahali pa karani?"

Jibu moja lilipatikana mwaka 2016, katika kesi ya kampuni iitwayo McRO. Kesi hiyo ilihusu picha za katuni zinazosema. Zamani wachoraji walisogeza midomo ya katuni kwa mkono na kwa kukisia, ili ilingane na maneno. Mvumbuzi alitunga kanuni maalumu: mashine itwae maandishi ya sauti yaliyopangwa kwa nyakati zake, kisha kwa kufuata sauti iliyotangulia na inayofuata, ipange umbo la mdomo. Mahakama ya chini ilisema ni wazo tupu. Mahakama ya rufani ilisema sivyo, kwa maana kanuni zile hazikuwa zile za wachoraji. Zilikuwa njia nyingine, iliyoelezwa na kuwekewa mpaka, nayo iliwaachia wengine nafasi ya kutumia kanuni zao.

Mwezi wa Julai 2024 Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani ilitoa mifano ya kuwaongoza wakaguzi wake, na mmoja ulihusu jambo letu hasa. Fikiria kikao ambamo watu kadhaa wanasema kwa pamoja, na mashine yatakiwa kuzitenga sauti zao. Mfano ule ulikuwa na madai matatu. La kwanza lilipokea sauti iliyochanganyika, likaigeuza kuwa namba, na kuishia katika namba nyingine. Ofisi ilisema halifai kupewa hataza, kwa kuwa halikuvuka hesabu. La pili liliendelea: likazitenga sauti, likamwondoa msemaji mmoja, na kuunganisha sauti zilizobaki. La tatu lilizitenga, kisha likatoa maandishi ya maneno ya msemaji aliyetakiwa. Haya mawili yalionekana kuwa yafaa, kwa sababu yalionyesha jinsi kazi yenyewe ya kutenga na kuandika usemi ilivyofanywa kuwa bora. Msomaji, ona jinsi kamba ilivyo ndefu: toka dai la nane la Morse hadi mfano huu, swali ni lile lile. Umeeleza njia, au umetaja mwisho wa safari tu?

Je, mambo haya yatuhusu sisi? Yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Zamani mvumbuzi wa Kenya hakuweza kupata hataza hapa nchini peke yake. Alipaswa kuipata kwanza Uingereza, kisha kuiandikisha hapa. Sheria ya mwaka 1989 iliuondoa mzunguko huo. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, iliyofuata, yasema ya kuwa ugunduzi wa mambo ya asili, nadharia za sayansi, namna za hesabu, na kanuni za kutenda kwa akili tupu si uvumbuzi wa kupewa hataza. Kwa hiyo Mkenya atakayeomba hataza ya mashine iandikayo usemi atakutana na swali la Morse katika nchi yake mwenyewe. Kadhalika yafaa ujue ya kuwa hataza ya Marekani haina nguvu Kenya, ila mwenyewe awe ameomba na kupewa haki hapa pia.

Sababu ya pili ni lugha. Chukua neno moja la Kiswahili: "aliyewapikia." Ndani yake yumo mpishi, umo wakati uliopita, wamo waliopikiwa, na upo upishi. Mwingereza angesema maneno manne au matano. Mashine iliyozoezwa kuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza, kila neno likiwa na umbo lake, hupata taabu ikikutana na lugha ambayo kitenzi kimoja huzaa maumbo mengi sana. Kwa hiyo Kiswahili, na lugha zetu za nyumbani ambazo nyingi hazina hata maandishi mengi ya kuifunza mashine, zahitaji njia zake zenyewe. Watu wa Afrika Mashariki wamekwisha kuanza. Wengi wamesoma sentensi za Kiswahili kwa sauti zao na kuzitoa bure katika mkusanyiko uitwao Common Voice, ili mtu yeyote azitumie kuifunza mashine.

Hapo ndipo utaona faida ya hukumu ya mwaka 1854. Kama sheria ingaliwapa wa kwanza nia yenyewe, yaani kuugeuza usemi kuwa maandishi kwa mashine, basi watu wa lugha zilizochelewa wangalikuta mto umekwisha kupata mwenyewe. Na kama sheria ingaliwanyima wavumbuzi hata njia zao, wengi wangalizificha, nasi tusingalijua daraja lilijengwaje. Uadilifu wa sheria uko katikati ya hasara hizo mbili, na mahali hapo katikati si rahisi kupashika. Ndiyo maana mahakama imekuwa ikienda mbele na kurudi nyuma, mara mlango wazi, mara mlango nusu.

Huenda miongoni mwenu mnaosoma ukurasa huu yumo atakayeifundisha mashine kumsikia bibi yake akisema Kikamba, Kidholuo, au Kimijikenda, na kuyaandika maneno yake pasipo kuyaharibu. Siku hiyo asiridhike na kusema, "Nimewaza mashine isikie." Wengi wamewaza, na Scott aliwaza mwaka 1857. Na aonyeshe amepitia wapi, hatua kwa hatua, hata mwingine aweze kuifuata nyayo kwa nyayo. Sehemu hiyo ndiyo yake kwa haki. Akiisha kuionyesha, awaache jirani zake wachonge mitumbwi yao, kwa maana mto ni mpana na upande wa pili wanangoja watu wengi.